Kitambaa cha Sare kwa Baridi ya Mbeya na Iringa

Kila mwaka unapoanza, wazazi huingia madukani kutafuta kitambaa cha sare, na wengi huuliza mambo mawili tu: rangi na bei. Somo hili ni juu ya jambo la tatu, yaani raha ya mtoto atakayeshinda ndani ya nguo hiyo kutwa nzima.

Katika Suratun-Nahl, aya ya 81, Mwenyezi Mungu ametaja mavazi yanayotukinga na joto kuwa ni miongoni mwa neema Zake. Sisi wa nyanda za juu tuna mtihani wa pande mbili. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa zaidi ya mita 1,500. Juni na Julai asubuhi ni baridi kali, lakini ikifika saa saba mchana jua linachoma.

Pamba hunyonya. Katika hewa ya kawaida hubeba unyevu kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake, wakati poliesta, ambayo wengi tunaiita tetroni, haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana ukivaa poliesta tupu jasho hubaki mwilini, na nguo hunata mgongoni. Lakini pamba nayo ina taabu yake alfajiri. Mikono ya kanzu ikilowa wakati wa kutawadha, hukaa na maji muda mrefu, na maji yale yanapokauka huchukua joto la mwili. Basi kunja mikono hadi juu ya viwiko, jambo ambalo vijana wetu wamechoka kuambiwa!

Kwa maoni yangu, kanzu na shati vishonwe kwa kitambaa cha mchanganyiko chenye pamba nyingi. Poliesta kidogo iliyomo hukifanya kisikunjamane na kikauke upesi. Fulana ya ndani iwe ya pamba. Baridi iachiwe sweta, mchana livuliwe. Ushungi usiwe wa kitambaa kinachoteleza, kwani msichana anayeurekebisha kila dakika hawezi kusoma.

Dukani, kifumbate kitambaa mkononi kisha ukiachie: kikibaki na makunyanzi mengi, mara nyingi pamba ndiyo iliyozidi. Kiinue penye mwanga uone kama kinasitiri. Kabla ya kukipeleka kwa fundi kifue kwanza, maana pamba husinyaa inapofuliwa mara ya kwanza. Mwambie fundi aache pindo pana, na amalizie vizuri mishono ya shingoni na kwapani. Mtoto akilalamika kuwa nguo inamwasha, tazama hapo kwanza, pamoja na lebo ya shingoni, kabla ya kulaumu kitambaa.