Somo: Akili bandia na kazi ya mchoraji

Ndugu wasanii, programu za akili bandia hutengeneza picha kwa kuandikiwa maneno machache tu. Hazikushuhudia jambo lolote. Zimefundishwa kwa picha za watu zilizokusanywa kwenye intaneti, na wenyewe wengi hawakuombwa ruhusa.

Mfano: mwaka 2023 Amnesty International ilitumia picha za namna hiyo kueleza ukatili wa polisi katika maandamano ya Kolombia ya mwaka 2021. Ukatili ulikuwa wa kweli, picha hazikuwa za kweli. Watu walilalamika, zikaondolewa.

Kwetu mashariki mwa Kongo, foto moja ya uongo inaweza kuchochea kisasi. Na ikigunduliwa, hata mwenye ushahidi wa kweli haaminiwi tena.

Kwa hiyo:
1. Tumia programu kutafuta wazo. Mchoro wenyewe uchore kwa mkono wako.
2. Usitengeneze kitu kinachofanana na foto ya vita, maiti au wakimbizi.
3. Usiige mtindo wa msanii mwenzako bila ruhusa yake.
4. Andika chini ya picha: «Imetengenezwa kwa akili bandia.»

Swali la kujadiliana: Katika kikundi chenu, nani atahakikisha picha kabla ya kutolewa?