Maswali na Majibu: Teknolojia ya Kidijitali katika Utoaji wa Huduma za Afya

Marudio kwa wanafunzi wa stashahada ya uuguzi na utabibu

Swali la 1. Ukiulizwa teknolojia imebadilishaje huduma za afya, uanzie wapi?

Usianze na vifaa. Anza na ucheleweshaji wa aina tatu ulioelezwa na Thaddeus na Maine mwaka 1994: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kisha onyesha teknolojia unayoizungumzia inapunguza aina ipi kati ya hizo. Anayetiririsha tu "droni, akili mnemba, programu za simu" hupewa alama za kutaja. Alama za kueleza hubaki kwa mtahini.

Swali la 2. Eleza mfumo wa m-mama wa Tanzania. Unapunguza ucheleweshaji upi?

Wa pili, na kwa sehemu wa tatu. Mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, ndugu au mhudumu wa zahanati hupiga 115 bila malipo. Anayepokea simu huuliza maswali yanayoongozwa na programu ya kompyuta ili ajue hali ni nzito kiasi gani na kituo kipi kinaiweza. Gari la wagonjwa lisipopatikana, huitwa dereva wa kijijini aliyeandikishwa mapema. Huyo hulipwa kwa M-Pesa, na kituo kinachompokea mgonjwa kinakuwa kimeshaarifiwa. Hapo ndipo ucheleweshaji wa tatu unapoguswa.

Mfumo ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kusambazwa nchini. Angalia kilichomo: simu, teksi na pesa za simu, vitu ambavyo kijiji kilikuwa navyo tayari. Kwa maoni yangu, kiungo kikubwa ni malipo. Gari mara nyingi lilikuwepo. Lililokosekana ni jibu la swali la dereva saa nane usiku, kwamba mafuta atalipa nani.

Swali la 3. Je, ujumbe mfupi wa simu unaweza kumsaidia mgonjwa kutumia dawa ipasavyo? Jadili kwa ushahidi.

Swali hili hurudi mara kwa mara, na wengi huandika "ndiyo, humkumbusha" wakaishia hapo.

Chukua jaribio la WelTel la Kenya, lililofanyika kati ya 2007 na 2008 na kuchapishwa 2010 katika jarida la Lancet. Watu 538 walioanza dawa za kufubaza VVU waligawanywa kwa nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipokea kila wiki ujumbe wa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki.

Waliosema wanatumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi la ujumbe, dhidi ya 50 katika kundi la kawaida. Waliopungukiwa virusi hadi kiwango kilichotakiwa walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Andika takwimu zote mbili. Ya kwanza inategemea maneno ya mgonjwa mwenyewe, ya pili inatoka maabara.

Sasa linganisha na jaribio la Yaoundé, Kamerun, lililochapishwa 2012. Huko wagonjwa walitumiwa ujumbe wa kutia moyo kila wiki, na namba ya kupiga wakihitaji msaada, lakini hawakutakiwa kujibu. Tofauti ya maana haikuonekana. Majaribio hayo mawili hayalingani kwa kila kitu, kwa hiyo usiandike kwamba yamethibitisha jambo. Andika kwamba yanaashiria nguvu ilikuwa kwa muuguzi anayepiga simu, na ujumbe ulimwonyesha tu ampigie nani kwanza. "Mambo?" pia haitaji ugonjwa, hata mtu mwingine akishika simu hiyo.

Swali la 4. Toa mfano wa teknolojia iliyopunguza upungufu wa dawa vituoni.

SMS for Life, iliyojaribiwa Tanzania 2009 hadi 2010 katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Kila wiki mhudumu alituma idadi ya dawa mseto na kwinini zilizobaki, na ofisi ya wilaya ikaona nani hana na nani anazo za ziada. Vituo vilivyokosa walau aina moja ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26 ndani ya wiki 21. Ongeza sharti: namba za simu hazihamishi maboksi. Lazima mtu wilayani aamue, na gari lipatikane.

Swali la 5. Droni za Rwanda zimepunguza muda tu?

Hapana. Tangu Oktoba 2016, droni za kampuni ya Zipline hupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga, na baadaye pia Kayonza. Hazitui, hudondosha kifurushi chenye parachuti. Utafiti wa 2022 ulikuta zinafika dakika 79 hadi 98 mapema kuliko gari. Jambo linalosahaulika ni damu inayoharibika. Chembe sahani hudumu siku 5 hivi, na hospitali iliyo mbali ililazimika kujiwekea akiba ambayo pengine isingetumika. Akiba ilipowekwa mahali pamoja, damu iliyopitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67 baada ya miezi 12.

Swali la 6. Taja matumizi moja ya akili mnemba na hatari moja ya kukiamini kifaa.

Matumizi: mwaka 2021 WHO ilipendekeza programu za kusoma picha za eksirei ya kifua katika uchunguzi wa awali wa kifua kikuu, kwa wenye miaka 15 na zaidi. Uthibitisho bado hutoka kwenye kipimo cha makohozi.

Hatari: utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha oksimita ya kidoleni ilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu kuliko kwa Wazungu. Kifaa kinachosomwa kupitia ngozi kinapaswa kupimwa kwa ngozi za wote watakaokitumia.

Swali la 7. Muuguzi ametuma picha ya kidonda kwenye kundi la WhatsApp ili aombe ushauri. Jadili.

Nia inaweza kuwa njema na ushauri ukamwokoa mgonjwa, kwa hiyo usikimbilie kulaani. Uliza: mgonjwa ameridhia? Sura, jina na namba ya faili vinaonekana? Kundi lina nani? Picha itabaki kwenye simu ngapi? Kisha taja sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya nchi yako pamoja na mwaka wake: Kenya 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022.