PIKIPIKI KATIKA NJIA ZA MGODI: RUHUSA NI YA NINI?



Siku hizi pikipiki imeingia katika maisha yetu yote. Inatupeleka kazini, inampeleka mama sokoni, inaleta makala ya kupikia kutoka porini. Lakini njia nyingi za udongo zinazozunguka kambi na vijiji hukutana na njia za makamio ya kariere. Tujifunze leo: ruhusa ya kupita inamkinga nani?

1. Karatasi mbili, kazi mbili

Karatasi ya kwanza ni permi ya serikali. Inatokana na sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978, nayo inaonyesha kwamba unajua kuongoza pikipiki. Karatasi ya pili ni ruhusa ya kupita katika eneo la mgodi, inayotolewa na watu wa usalama. Hii inaonyesha jambo lingine: kwamba wanajua upo njiani, saa gani na upande gani. Permi haishiki nafasi ya ruhusa, wala ruhusa haishiki nafasi ya permi.

Ndiyo sababu ruhusa haiazimwi. Ukimpa shemeji yako, mlinzi ataandika jina lako. Asiporudi, nani atajua kwamba yeye ndiye wa kutafutwa?

2. Sababu gani shofa hakuoni

Shofa wa kamio kubwa la mawe anakaa juu sana, zaidi ya mita 3 kutoka chini. Karibu na pua ya kamio haoni chini. Upande wa kuume, mbali na kiti chake, haoni pia. Tuta la udongo kando ya njia, linalozuia kamio lisianguke, linaweza kukuficha wewe na pikipiki yako. Vumbi nalo linafunga macho ya wote wawili. Wakimwaga maji ili kutuliza vumbi, udongo unateleza.

Fikiri vilevile juu ya mwendo. Ukienda kilometa 36 kwa saa, unapita mita 10 kila sekunde, hata kabla mkono haujakamata freni. Ukizidisha mwendo mara mbili, urefu wa kufunga freni unakuwa mara nne.

3. Njia ya zamani ya watu wote

Kuna njia zilizokuwapo mbele ya kariere. Mwanakijiji anayepita pale na magunia yake hajui ofisi ya ruhusa iko wapi. Ukifunga njia kwa miti na mawe tu, shamba lake halihami. Atapita usiku, bila taa, na hapo hatari inazidi.

Kwa hiyo njia ikifungwa, inafaa kwanza kusema na chifu na watu wake, kisha kuwaonyesha njia nyingine ambayo pikipiki yenye mzigo inaweza kupita kweli, hata wakati wa mvua. Mahali inapokata njia ya makamio pawe pamoja tu, penye kibao na mlinzi. Ukiona njia ya watu imekatwa bila nyingine kuonyeshwa, mwambie sefu wako. Hiyo ni kazi ya usalama, si maneno ya siasa.

4. Mambo ya kushika

– Vaa kaske na kuifunga chini ya kidevu. Uchunguzi uliokusanya masomo mengi, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kaske inapunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa 42%, na majeraha ya kichwa kwa 69%.
– Washa taa, hata mchana.
– Kwenye makutano simama kabisa. Usipite mpaka shofa au mlinzi amekupa ishara.
– Usifuate nyuma ya kamio ndani ya vumbi.
– Ajali ikitokea, simamisha makamio kwanza, ndipo uite waganga. Usimvute majeruhi kaske kama anapumua vizuri, wala usimkalishe juu ya pikipiki nyingine: shingo au mgongo ukiwa umevunjika, unaweza kumlemaza maisha yake yote.

Maswali ya kujipima

Permi yangu na ruhusa yangu ziko wapi leo? Jamaa yangu wanapita njia gani kwenda shamba? Je, nimewaonyesha mahali salama pa kuvukia?

Mwenye kujibu vema maswali haya matatu amekwisha kuanza kazi ya usalama nyumbani kwake.