Mnyambuliko wa Kutendana na Istilahi za Usambamba: Komeo, Kuwahiana na Kungojana katika Kiini cha Linux

1.0 Utangulizi

Istilahi nyingi za kompyuta katika Kiswahili ziliundwa kwa ajili ya mtumiaji aketiye mbele ya skrini: faili, saraka, kipanya, hifadhi, chapisha. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004, ulijihusisha na msamiati wa aina hiyo. Mwanafunzi anayetaka kueleza kwa Kiswahili utendaji wa kiini cha mfumo wa uendeshaji anahitaji msamiati wa aina nyingine. Makala haya yanachunguza uwanja mmoja tu: namna michakato kadhaa inavyozuiwa isiharibu data moja ya mfumo wa mafaili pale inapoifikia kwa wakati mmoja. Inadaiwa hapa kwamba mnyambuliko wa kutendana unaipa lugha nyenzo ambazo tafsiri ya neno kwa neno haizioni. Inadaiwa pia kwamba msimbo na istilahi hurahisishwa kwa njia moja: kutaja waziwazi kinacholindwa na nani anamngoja nani. Mifano ya ufafanuzi imetolewa katika wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma.

2.0 Kufuli au Komeo?

Neno linalowajia wengi kwanza ni kufuli, mkopo kutoka Kiarabu. Lakini kufuli huning'inizwa nje ya mlango, mara nyingi mwenye nyumba anapoondoka. Komeo hutiwa na aliyemo ndani. Wa nje hungoja mpaka atoke. Katika kiini cha mfumo, mchakato unaowazuia wengine ndio ulio ndani ukifanya kazi. Kimaana, basi, komeo linakaribia dhana kuliko kufuli.

Upo pia ubora wa kimofolojia. Komeo lina jozi ya vitenzi, komea na komoa, ambapo cha pili hutendua tendo la kwanza. Kufuli halina kitenzi chake. Msemaji hulazimika kusema "funga kwa kufuli". Pingamizi linaloweza kutolewa ni kuwa komoa hutumika pia kwa maana ya kumtia mtu adabu kwa chuki. Pingamizi hilo si zito, kwa kuwa muktadha hutenganisha maana hizo. Inapendekezwa kufuli libaki jina la jumla, na komeo litumike pale ambapo mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuingia.

3.0 Kuwahiana na Kungojana

Kosa la kwanza la usambamba ni pale matokeo yanapotegemea nani ametangulia. Neno "mashindano" halifai, kwa kuwa huashiria nia ya kushinda, nayo michakato haina nia. Kuwahiana kunataja jambo lenyewe. Historia ya Ziwa Nyasa ina mfano wake. Mwezi Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa Liuli (wakati huo Sphinxhafen), ilishambuliwa na meli ya Kiingereza Gwendolen kabla nahodha Mjerumani hajapata habari kwamba vita vimeanza. Habari ilikuwa moja; iliwahi upande mmoja, ikachelewa upande wa pili. Mchakato unaotenda kwa kutegemea data iliyokwisha badilishwa na mwingine umo katika hali ya nahodha huyo.

Kosa la pili ni baya zaidi. Coffman, Elphick na Shoshani walibainisha mwaka 1971 masharti manne yanayolizaa: rasilimali kushikwa na mmoja peke yake, kushika moja huku ukingoja nyingine, kutonyang'anywa unachoshika, na duara la kungoja. Tafsiri ya "kukwama" haitoshi, kwani hata mchakato unaosubiri diski umekwama kwa muda, nao utaendelea. Kungojana kunabeba sharti la nne ndani ya neno moja. Ikiwa A anamngoja B, B anamngoja C, na C anamngoja A, Kiswahili kinaruhusu kusema "wote watatu wanangojana". Kiambishi -an- ndicho kinachofunga duara.

4.0 Ngolo kama Kielelezo

Wamatengo wa milima ya Mbinga hulima kwenye miteremko mikali kwa ngolo. Nyasi zilizofyekwa hupangwa katika miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika nyasi hizo. Hubaki shimo linalodaka maji ya mvua, likizungukwa na matuta ambayo ndani yake nyasi huoza na kurutubisha udongo.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba kila tuta hupakana na mashimo mawili. Ichukuliwe kuwa wachimbaji wawili wanafanya kazi katika mashimo jirani, na kwamba kila mmoja anahitaji matuta mawili yaleyale. Wa kwanza akishika tuta la juu na wa pili akashika la chini, kisha kila mmoja akasubiri la mwenzake, wanangojana. Tiba mojawapo ni kusimamisha mlima mzima ili alime mmoja tu. Tiba bora ni kanuni ya utaratibu: kila mtu aanze na tuta la juu. Kiini cha Linux hufuata kanuni ya namna hiyo. Mchakato unaohitaji kukomea saraka mbili zilizo juu na chini huanza na saraka mzazi, kisha iliyomo ndani yake. Tendo la kuhamisha faili kutoka saraka moja kwenda nyingine lingeweza kuvuruga mpangilio huo, kwa kuwa mti wenyewe hubadilika. Kwa sababu hiyo hulindwa na komeo la ziada, moja kwa kila mfumo wa mafaili.

5.0 Kurahisisha: Mfano wa ReiserFS

Linux 2.0, iliyotolewa mwaka 1996, ilianza kutumia prosesa zaidi ya moja kwa kuweka kufuli moja kubwa juu ya kiini kizima. Kufuli hilo lilikuwa na tabia mbili za ajabu. Aliyelishika aliweza kulishika tena bila kujizuia mwenyewe, na alipolala akisubiri jambo lilijifungua, kisha likarudi mikononi mwake alipoamka.

ReiserFS ulitegemea tabia hizo. Mwaka 2010, katika toleo la 2.6.33, kufuli kubwa liliondolewa ndani yake na mahali pake likawekwa komeo moja kwa kila mfumo wa mafaili uliopachikwa. Komeo jipya halikujifungua usingizini. Ilibidi kila mahali ambapo mchakato ungeweza kulala patafutwe, na pale ilipobidi komeo likomolewe waziwazi. Kazi hiyo ilifichua sehemu ambazo makomeo yalishikwa kwa utaratibu uliopingana, yaani mbegu za kungojana ambazo tabia ya kujifungua ilikuwa imezificha. Kufuli kubwa lilifutwa kabisa katika toleo la 2.6.39 mwaka 2011. ReiserFS wenyewe uliondolewa katika toleo la 6.13, mwezi Januari 2025.

Kwa mtazamo wa sarufi, tofauti ni ya yambwa. Kufuli kubwa lililinda msimbo: "asiingie mtu hapa". Komeo hulinda data: "asiiguse mtu saraka hii". Linda ni kitenzi elekezi, na sentensi isiyoweza kutaja yambwa yake huashiria kuwa mwandishi wa msimbo hajui analinda nini. Hata hivyo, kugawanya makomeo bila kikomo si kurahisisha. Tangu toleo la 4.7 la mwaka 2016, wanaotafuta majina katika saraka moja wanaweza kufanya hivyo pamoja, ilhali anayeibadilisha hubaki peke yake. Kanuni hiyo ni nyepesi kwa sababu inatamkika kwa sentensi moja.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba komea, komoa, kuwahiana na kungojana zinatosheleza dhana za msingi za uwanja huu bila kukopa. Faida yake si ya utamaduni peke yake. Mwanafunzi aliyefundishwa "kukwama" atatafuta mchakato mmoja wenye kosa; aliyefundishwa "kungojana" atatafuta duara, na kosa limo katika duara. Waundaji wa istilahi wanashauriwa kuchunguza kwanza viambishi vya unyambulishaji kabla ya kufungua kamusi ya lugha chanzi.