Aliyezaliwa Nakivale ni raia wa nchi gani?

SWALI: Wazazi wangu walikimbia Rwanda mwaka 1994. Nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda; sasa nauza nguo Mbarara. Je, mimi si Mganda?

JIBU: Kisheria, bado. Ibara ya 12 ya Katiba ya 1995 inawafungia watoto, hata wajukuu, wa wakimbizi mlango wa kusajiliwa kuwa raia. Naiona kali mno: inakubebesha vita usivyoviona. Sheria ya Wakimbizi ya 2006, iliyofuta ile ya kikoloni ya 1960, ina huruma zaidi; inakuruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Imebaki tajnisi, yaani kupewa uraia kwa maombi, inayodai ukaazi wa miaka 20. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba mkimbizi aweza kuiomba. Kwa hiyo tunza kila kadi na cheti cha shule. Miaka hiyo huthibitishwa kwa karatasi.