Dondoo muhimu: Kioo kikubwa kutoka simu ndogo

Miwani ya uhalisia ulioongezwa, mfano XREAL Air, hukuonyesha kioo kipana mbele ya macho huku kazi yote ikifanywa na simu. Kabla ya kulipa, kagua tundu la USB-C: ni lazima litoe picha. Simu nyingi za bei nafuu tundu lake huchaji na kuhamisha mafaili tu, na muuzaji hatakwambia. iPhone 15 inaweza kutoa picha, ila kwa kawaida hurudia kilichopo kwenye simu. Simu ya Galaxy S yenye mfumo wa DeX hufungua madirisha kadhaa kama kompyuta, na hapo ndipo pesa yako inapolipa. Ongeza kibodi ya Bluetooth. Miwani hunyonya chaji ya simu na kuziba tundu lenyewe, hivyo nunua adapta inayoruhusu kuchaji papo hapo. Barabarani, ivue.