SOMO LA UFUNDI: MOTA YA TAA HAIJAFA MPAKA UMEIPIMA

Katika somo letu la leo tutajifunza kutengeneza mota inayoinua taa za gari. Mfano wetu ni gari aina ya Mazda MX-5. Hili ni gari dogo la mbio, la watu wawili, linalotengenezwa Japani. Lilianza kuuzwa mwaka 1989. Magari ya toleo la kwanza, yaliyotengenezwa mpaka mwaka 1997, yana taa za mbele zinazojificha. Mchana taa hulala ndani ya pua ya gari. Usiku dereva anapowasha swichi, taa huinuka kama macho ya chura.

Pengine utauliza: "Sisi huku kijijini gari hilo tutaliona wapi?" Swali lako ni la haki. Gari lenyewe ni la mbali. Lakini mota yake ni ndugu wa mota inayozungusha waipa za basi unalopanda kwenda mjini. Anayeielewa moja hatashindwa kuielewa ya pili.

TAA HIZI ZILITOKA WAPI?

Gari lililojulikana sana kwa kuanza na taa za namna hii ni Cord 810 la Marekani, la mwaka 1936. Halikuwa na mota ya taa. Dereva alizungusha hendeli mbili kwa mkono, moja kwa kila taa, mpaka taa zikatoka. Baadaye mota za umeme zikachukua kazi hiyo.

Watengenezaji walizipenda taa hizi kwa sababu pua ya gari iliweza kuwa chini sana, na upepo ukapita bila kuzuiwa. Lakini zina vyuma vingi, na kila chuma kinachocheza huchakaa. Corvette ya Marekani na Lotus Esprit ya Uingereza, zilizotengenezwa na taa hizi mpaka mwaka 2004, zilikuwa miongoni mwa magari ya mwisho kuwa nazo. Kwa hiyo magari haya sasa ni ya zamani, na mota mpya ni ghali. Hapo ndipo ufundi unapohitajika.

UMEME HUENDA NA HURUDI

Kabla ya kushika spana, tuelewe jambo moja. Umeme ni kama mtu aendaye shambani. Lazima awe na njia ya kwenda na njia ya kurudi. Ukikata njia moja, safari imekufa.

Katika gari, umeme wa volti 12 hutoka kwenye betri. Hupita kwenye fyuzi, swichi na rilei, kisha huingia kwenye mota. Baada ya kazi hurudi betri kwa kupitia bodi ya chuma ya gari. Njia hiyo ya kurudi mafundi huiita athi.

Ndani ya mota kuna sumaku, na katikati yake kuna kipande chenye waya nyingi kinachozunguka. Umeme huingia humo kwa vipande viwili vya kaboni, vinavyosuguana na shaba. Kipande hicho huzunguka mbio sana, lakini hakina nguvu ya kuinua taa moja kwa moja. Kwa hiyo kuna gia yenye nyuzi kama za skrubu. Gia hiyo hupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Tena huishikilia taa isianguke hata umeme ukikatika.

Nje ya mota kuna mkono mfupi wa chuma, na kwenye mkono huo kuna fimbo inayoisukuma taa. Mkono ukizunguka nusu duara, taa iko juu. Ukimaliza nusu ya pili, taa imelala. Je, mota inajuaje mahali pa kusimama? Ndani kuna sahani ya shaba yenye mapengo. Mguso ukifika kwenye pengo, umeme hukatika na mota husimama.

HATARI TATU

Kwanza, vidole. Mota hii ina nguvu ya kubana na kuumiza vidole vibaya. Taa iliyokwama yaweza kuruka ghafla pale unapoilegeza. Kwa hiyo zima gari, toa ufunguo, kisha fungua waya wa hasi wa betri. Kwenye gari hili usiitafute betri chini ya boneti. Iko nyuma, ndani ya buti.

Pili, moto. Fyuzi ya mota hizi ni ya ampea 30. Ikiungua, weka nyingine ya ampea 30. Usiweke waya wa shaba wala karatasi ya sigara. Fyuzi ni mlinzi. Ukimwondoa mlinzi, waya zitaungua na gari linaweza kuteketea.

Tatu, petroli. Usisafishe mota kwa petroli. Cheche moja inatosha kuleta msiba.

KUTAFUTA UBOVU

Wengi wakiona taa haiinuki husema papo hapo: "Mota imekufa." Wanatupa mota, wananunua nyingine, na taa bado haiinuki! Kumbe ubovu ulikuwa kwenye waya wa shilingi chache. Fundi mzuri huanza na kilicho rahisi. Huuliza gari, naye husikiliza jibu.

1. Taa zote mbili haziinuki. Kila taa ina mota yake. Mota mbili hazifi kirahisi siku moja. Basi tafuta kile wanachokitumia pamoja: fyuzi, swichi, rilei au betri dhaifu.

2. Taa moja inainuka, nyingine imelala. Fyuzi ni nzima, maana ile nyingine inafanya kazi. Angalia plagi ya mota iliyolala, waya zake, athi yake, kisha mota yenyewe.

3. Mota inaunguruma lakini taa haiendi. Hapa umeme unafika. Ubovu ni wa vyuma: nati ya mkono imelegea, fimbo imechomoka, au gia imekula. Katika magari mengi ya Corvette ya miaka ya 1988 mpaka 1996 ndani ya gia kuna bushi ndogo tatu za plastiki. Zikizeeka husagika kuwa unga. Mota huzunguka bure, taa haina habari.

4. Taa inapanda na kushuka bila kukoma, kama mtu anayekonyeza. Mota ni nzima, ila haijui pa kusimama. Angalia ile sahani ya shaba, kisha rilei.

PIMA KWA MKONO, KISHA KWA TAA

Fungua boneti. Kwenye mota kuna kifuniko kidogo cha mpira. Chini yake kuna kirungu cha kuzungusha kwa mkono. Hakikisha betri imefunguliwa, kisha zungusha kirungu polepole. Taa ikipanda kwa ulaini, vyuma ni vizima. Ikiwa ngumu, viungo vina kutu. Tia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, zungusha tena. Usilazimishe. Anayelazimisha huvunja.

Sasa pima umeme. Tumia taa ndogo ya kupimia ya volti 12. Rudisha betri. Chomoa plagi ya mota. Bana waya wa taa ya kupimia kwenye chuma kisicho na rangi, na ncha yake iguse tundu za plagi, moja baada ya moja. Mwenzako akae ndani na kubonyeza swichi. Taa ya kupimia ikiwaka, umeme umefika mpaka hapo, na ubovu uko mbele. Isipowaka kwenye tundu yoyote, rudi nyuma hatua moja: rilei, swichi, fyuzi. Kujua kila waya ni wa nini, fuata mchoro wa kitabu cha gari. Usibahatishe.

Usisahau athi. Mahali waya unapofungwa kwenye bodi huota kutu. Fungua skrubu, kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga tena. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, na mara nyingi mota iliyohesabiwa kuwa imekufa hufufuka.

KUFUNGUA MOTA

Ikiwa umeme unafika na athi ni safi, lakini mota ni kimya, basi tuifungue. Betri iwe imefunguliwa tena.

1. Kabla ya kulegeza nati ya mkono, piga alama ya rangi kwenye mkono na kwenye mota. Ukikosea kuurudisha, taa italala inapotakiwa kusimama.

2. Chomoa fimbo, fungua skrubu za mota, uitoe. Ifungulie juu ya kitambaa cheupe ili usipoteze springi ndogo.

3. Futa grisi ya zamani. Utaiona nyeusi na ngumu kama lami. Grisi hiyo peke yake yaweza kuizuia mota.

4. Angalia kaboni. Zikiwa fupi mno hata springi haizisukumi, weka mpya za kipimo hichohicho. Zikiwa ndefu, hakikisha zinateleza vizuri katika nyumba zake.

5. Sugua shaba kwa msasa laini sana, kidogo tu, mpaka iwe na rangi yake. Toa uchafu katika mifereji yake kwa kijiti kikavu. Fanya hivyo pia kwa ile sahani ya kusimamishia.

6. Tia grisi mpya kwenye gia. Kumbuka maneno haya: grisi kwenye gia, si kwenye shaba. Grisi ikiingia kwenye shaba na kaboni, uchafu hugandamana na mota hulala tena.

7. Funga mfuniko vizuri maji yasiingie. Maji ndiyo yaliyoleta kutu tangu mwanzo.

KURUDISHA

Rudisha mota, fuata ile alama uliyopiga. Zungusha kirungu duara zima kwa mkono. Kama hakuna kinachogusana, rudisha fyuzi, kisha betri. Simama kando. Mwenzako abonyeze swichi. Fanya mara tano au sita. Halafu washa taa mbele ya ukuta na utazame mwanga. Ukiwa juu mno, utampofusha dereva anayekuja. Ukiwa chini mno, hutaona shimo wala mtu.

NA KAMA USIKU UMEINGIA?

Tuseme mwenye gari yuko Uingereza mwezi wa Desemba. Huko siku hizo jua huzama karibu saa kumi alasiri. Kazi haijaisha, naye lazima arudi nyumbani. Je, aende na taa moja? La! Gari lenye taa moja, kwa mbali, huonekana kama pikipiki. Anayekuja hulipisha karibu mno, na watu hufa. Dawa ni hii: toa fyuzi ya mota, zungusha kirungu mpaka taa isimame, uiache hapo juu. Balbu ina njia yake ya umeme, itawaka. Gia itaishikilia taa mpaka kesho. Si vizuri kwa macho, lakini utafika salama.

Na ninyi mlio karibu na gereji, mwombeni fundi awaonyeshe mota ya waipa iliyofunguliwa. Mtaona gia ya skrubu ileile, kaboni zilezile, na sahani ya shaba inayozirudisha waipa mahali pake pa kulala. Hata ulizo ni lilelile: umeme umefika mpaka wapi?

MANENO YA SOMO

Athi – njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi ya gari.
Fyuzi – kipande kinachokatika umeme ukizidi, ili waya zisiungue.
Kaboni – kipande kinachopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka.
Rilei – swichi inayowashwa kwa umeme badala ya kidole.

MASWALI

Someni tena, kisha mjibu katika kikundi.

1. Kwa nini tunafungua waya wa betri kabla ya kugusa taa?
2. Taa zote mbili haziinuki. Utaanza kuangalia wapi, na kwa nini?
3. Mota inaunguruma lakini taa haiendi. Je, tatizo ni umeme au vyuma?
4. Grisi hutiwa wapi, na haitiwi wapi?
5. Jirani yako ameweka waya wa shaba mahali pa fyuzi. Utamwambia nini?